Gita jipya limefika, nianze kukagua wapi?

Safu ya wasomaji: vyombo vya muziki

*Shikamoo kaka. Mimi napiga gita la rithim hapa Shangani, Mtwara. Hela ya korosho ilivyoingia mzee kanikatia kidogo nikaagiza gita la umeme Dar, jipya kwenye boksi, limekuja na basi. Umbo ni lile la Stratocaster ya Fender ila kampuni nyingine, jeusi, linang'aa balaa, halina hata mkwaruzo. Shida ni kwamba uzi mnene unakwaruza nikipiga freti za juu, alafu kodi ya F, zile nyuzi za kubonyeza pamoja pale mwanzo wa shingo, haikai, inasikika imepanda hata kama nimetuni vizuri. Mshkaji wangu anasema ni feki nilirudishe. Nilirudishe?*

Marahaba mdogo wangu, hongera sana, na mzee mpe salamu. Usilirudishe kwanza. Hayo uliyoeleza mara nyingi sio ubovu wa gita, ni kwamba halijasetiwa, yaani halijarekebishwa vipimo vyake, na gita la bei ya chini karibu lote linatoka kiwandani hivyo hivyo maana kulisetia mtu inakula muda na muda ni hela.

Hiyo rangi naomba uiweke pembeni kabisa. Rangi ndio kitu rahisi kuliko vyote kiwanda kukipatia siku hizi, kwa hiyo kung'aa hakukwambii chochote. Pale wanapotaka kubana matumizi wanabana kwenye vitu ambavyo macho hayaendi siku ya kwanza, yaani freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo), funguo za kutunia, swichi, jeki (pale waya unapochomekwa), na kile kipande cheupe chenye mifereji pale nyuzi zinapoanzia kichwani. Huko ndio ukakague.

Anza na shingo. Inua gita uiangalie shingo kwa jicho moja kutokea kichwani kwenda mwilini, kama seremala anavyolenga ubao. Haitakiwi kunyooka kabisa, inatakiwa iwe na kaupinde kadogo mno. Kupima bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na kwenye ile freti ambayo shingo inaingia mwilini, alafu angalia freti ya 7 au ya 8, kati ya uzi na freti ibaki kama robo milimita, karatasi mbili au tatu za fotokopi zipite. Uzi ukiwa umelala kabisa kwenye freti basi shingo imenyooka kupita kiasi, na mkwaruzo unaweza kuwa unatoka hapo. Ndani ya shingo kuna chuma kirefu, kinarekebishwa na kale kaufunguo ka L kalikokuja kwenye boksi, kulia unanyoosha, kushoto unaongeza upinde. Robo mzunguko tu, kisha tuni upya, piga, acha, kesho uangalie tena, na kikigoma usikilazimishe hata kidogo mpelekee fundi, maana kile chuma kikikatika ndani gita limekwisha.

Ukimaliza shingo ndio upime urefu wa nyuzi. Chukua rula ya mkebe wa hesabu, freti ya 12, kutoka juu ya freti mpaka chini ya uzi: uzi mnene kama milimita 2, ule mwembamba kabisa kama milimita 1.6. Ukiwa chini ya hapo kukwaruza ni haki yake, pandisha vile viskrubu vidogo pale kwenye briji, nyuzi zinapoishia mwilini. Ila kama inakwaruza sehemu moja tu na kwingine kote safi, chukua kadi ya benki au ya NIDA, isimamishe kwa ubavu juu ya freti tatu zilizofuatana, ikicheza huku na huku ujue ile ya katikati imenyanyuka. Moja fundi anaigonga inakaa. Zikiwa nyingi, hapo rudisha.

Sasa F yako. Bonyeza kila uzi kwenye freti ya 3 na uangalie juu ya freti ya 1, panatakiwa pabaki nafasi ndogo kiasi kwamba unaiona kwa shida. Ukiona pengo la wazi, basi ile mifereji ya kichwani haijachimbwa vya kutosha, ukibonyeza kodi za mwanzoni unauvuta uzi na sauti inapanda, na hapo utatuni mpaka uchoke. Anachimba fundi kwa tupa nyembamba, kidogo kidogo, maana ukizidisha huwezi kurudisha. Na kile kipande kikiwa kibovu kabisa, badala ya kusubiri kingine cha plastiki kutoka Dar, mkoa mzima una mafundi wachongaji wa Kimakonde, mpe mmoja kile cha zamani kama sampuli akuchongee cha mfupa wa ng'ombe. Mfupa magita ya bei kubwa wanautumia na unadumu, na mkono wa mtu anayechonga sura ya mtu kwenye mpingo hautashindwa mifereji sita.

Kitu ambacho hakina dawa ni shingo iliyojisokota, upande wa uzi mnene umepinda na upande wa pili umenyooka. Hiyo ni mbao, hakuna fundi. Vilevile angalia nyuzi mbili za pembeni zinavyopita mpaka mwisho wa shingo, moja ikikaribia kudondoka ukingoni na nyingine iko mbali, shingo haikukaa katikati. Hili sio lazima liwe kifo, maana yule Leo Fender mwenye Stratocaster, gita lake hilo la 1954 na yale yaliyofuata umbo lake shingo inafungwa kwa skrubu nne nyuma, unalegeza nyuzi, unalegeza skrubu kidogo, unaivuta shingo, unakaza. Ikigoma kukaa, rudisha. Na ufa kwenye mbao pale shingo inapoingia, rudisha siku hiyo hiyo usibishane na mtu.

La mwisho chomeka waya, zungusha vile vifundo vyote, badilisha swichi nafasi zote, tikisa jeki taratibu. Jeki ikikatakata nati yake tu imelegea au waya umeachia ndani, fundi redio yeyote anamaliza. Kwa ulivyonieleza mdogo wangu mimi naona hilo gita ni zima.

*Habari za kazi. Mimi ni dada niko Newala, nimeanza kujifunza. Gita langu jipya kingo za shingo zinanikata mkono nikitelezesha, aliyeniuzia anasema nitazoea.*

Dada hutazoea, na wala usizoee. Hizo ni ncha za freti. Mbao inapokauka inanywea kidogo, chuma hakinywei, kwa hiyo freti zinachungulia nje ya ukingo. Huko Newala mko juu na kiangazi kinakausha, gita lililotengenezwa sehemu yenye unyevu likifika huko linaweza kufanya hivyo ndani ya miezi michache, japo mara nyingine ni kwamba kiwandani hazikusuguliwa tu. Ziba mbao kwa selotepu ya karatasi, tafuta tupa ndogo laini, sugua ncha kwa kuinamisha, malizia na msasa laini kabisa. Au mpe fundi. Ni kazi ya mchana mmoja na gita linakuwa jingine mkononi. Ila aliyekuuzia amekukosea kukujibu hivyo, wanafunzi wengi wanaacha gita wakidhani vidole vyao ndio vibaya.

*Mimi ni mwalimu wa kwaya Lindi mjini. Kanisa limenunua gita la solo, lina ubao mweusi tii kwenye shingo, vijana wanasema ni mpingo wa huku kwetu. Kweli? Na mbona nyuzi zimeshika kutu haraka hivi wakati ni jipya?*

Mwalimu, kwa gita la bei ya kawaida sio rahisi uwe mpingo. Mpingo wetu unajulikana zaidi kwenye klarineti na obo za Ulaya, na mti wenyewe unakua taratibu mno, ndio maana vile vijiji vya Kilwa, Kikole na Kisangi, vilipopata cheti cha FSC, kile cha msitu unaovunwa bila kuuharibu, mwaka 2009 kwa msitu wao ilikuwa habari kubwa, vilikuwa vya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji. Magita ya bei ya chini wanatumia mbao nyingine, na baadhi zinapakwa rangi nyeusi. Futa kwa kitambaa cheupe chenye unyevu kidogo, kikitoka cheusi ni rangi. Sio kasoro lakini, sauti haiharibiki kwa hilo.

Kutu ni hewa ya bahari pamoja na jasho. Nyuzi za gita la umeme ni chuma, hata zile nene zimezungushiwa chuma kilichopakwa nikeli, na Lindi bahari iko mlangoni. Mtu akimaliza kupiga afute kila uzi kwa kitambaa kikavu, juu na chini, gita lirudi kwenye begi lake pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu. Lisiachwe limesimama madhabahuni wiki nzima dirisha wazi. Na ile plastiki nyembamba juu ya bamba jeupe lililo chini ya nyuzi waambie vijana waibandue, inatega jasho na chumvi pembeni mwa skrubu.

*Kaka, Mikindani hapa. Gita jipya linavuma mmm kwenye spika, nikishika nyuzi linapungua. Jana nikashika nyuzi huku mdomo uko kwenye maiki nikahisi umeme.*

Haya ni mawili tofauti. Kuvuma kunakopungua ukishika nyuzi ni kawaida kwa pikapu (zile sumaku zilizo chini ya nyuzi) za koili moja, zinadaka mtetemo wa umeme wetu wa 50Hz, na ndio sababu Seth Lover wa kampuni ya magita ya Gibson alitengeneza ile ya koili mbili mwaka 1955. Gita ni zima.

Hilo la pili acha kupiga leo. Nyuzi zimeunganishwa na bodi ya chuma ya amplifaya, na kama soketi haina waya wa ardhi, au mtu ameikata pini ya tatu, wewe ndio unakuwa ardhi. Umeme wa hapa ni volti 230, unaua mtu. Mwite fundi umeme apime ardhi ya ile nyumba, amplifaya na mashine ya maiki vichomekwe sehemu moja yenye ardhi nzima, na mpaka akwambie tayari piga bila kuchomeka.