Sindano na uzi wa kupandia Kilimanjaro

Dada, umeuliza kama kuna haja ya kubeba sindano na uzi Kilimanjaro wakati begi lako ni jipya. We beba tu, njia ya Machame ya kupandia mlima ni siku sita saba na huko juu hakuna fundi. Mi mkanda wa begi ulinichomoka siku ya pili tu, nikashona na uzi wa kawaida ukakatika palepale, kilichoniokoa ni shazia, ile sindano nene ya magunia, na uzi wa nailoni niliopaka nta ya mshumaa, shona ukirudi nyuma kila tundu, sindano ikigoma isukume na sarafu usije ukajitoboa kidole. Ongeza pini tatu nne, vyote vinaenea kwenye kikopo cha dawa.