Alitabiri, ikawa. Nitamkataaje?

Barua tatu za mwezi huu zimegusa jambo moja: manabii na walimu wa uongo. Ya kwanza imekula nafasi kubwa, na wale wawili waliobaki mnisamehe.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mama, na shikamoo. Nina miaka 27. Miaka mitatu iliyopita nilijiunga na huduma ya mtumishi mmoja ambaye sote tunamwita Baba. Wakati huo kaka yangu alikuwa amelazwa, hali yake mbaya. Siku yangu ya kwanza tu, Baba alinisimamisha katikati ya ibada akasema, "Una mgonjwa, ni mwanamume, Ijumaa atatoka kitandani." Ijumaa kaka akaruhusiwa kurudi nyumbani. Tangu hapo nimemwamini kwa kila kitu. Sasa anasema mama yangu mzazi amebeba roho inayozuia baraka zangu, nisipokee simu zake. Mshahara wangu wa kwanza wa mwaka niliutoa wote kuwa malimbuko, na nimeacha kumtumia mama hela ya dawa. Nilipouliza kidogo nikaambiwa nisimguse mpakwa mafuta wa Bwana, na kwamba dada aliyetoka kabla yangu alipata ajali. Moyo unakataa, lakini nikikumbuka ile Ijumaa naogopa. Mtu wa uongo anaweza kutabiri na ikatimia?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza tumshukuru Mungu kwa ajili ya kaka yako. Uponyaji wa kaka yako ni wa Mungu, usikubali mtu yeyote akudai ulipie.

Ndiyo, anaweza.

Mimi si mchungaji. Nilifundisha shule ya Jumapili miaka 22, na kabla ya hapo nilidanganywa miaka minne, kwa hiyo barua yako niliisoma nikiwa nimesimama. Katika huduma niliyokuwamo nilikuwa mhudumu wa mlangoni. Kazi yangu ilikuwa kuwapa wageni karatasi ya kujaza: jina, namba ya simu, na hitaji la maombi. Karatasi zile nilizipeleka chumba cha nyuma kabla ya mahubiri. Dakika arobaini baadaye mtumishi alikuwa akimwita mgeni kwa hitaji lake, watu wakipiga vigelegele, nami nikipiga pamoja nao. Utashangaa, sikuona kuwa ni udanganyifu. Tuliita "kumsaidia mtumishi". Sasa kaa utulie ukumbuke: siku ile ulipoingia, ulijaza kitu? Uliongea na nani pale mlangoni?

Labda hukujaza chochote. Labda ulikuwa unabii kweli. Hata hivyo, fungua Kumbukumbu la Torati 13, mistari mitatu ya kwanza. Musa anawaambia watu kwamba akizuka nabii, akatoa ishara, na ishara ile ikatukia, kisha akasema tuifuate miungu mingine, wasimsikilize. Ishara imetukia, na bado jibu ni hapana. Watu hukariri sura ya 18, ile ya nabii ambaye neno lake halikutimia, wakadhani kinyume chake ndicho kipimo cha ukweli: limetimia, basi ametumwa. Musa alishaufunga mlango huo sura tano kabla. Hata Yesu, katika Mathayo 7, anawataja watakaomwambia siku ile kwamba walitoa unabii na kufanya miujiza kwa jina lake. Hawakanushii miujiza. Anasema hakuwajua.

Kwa hiyo iache ile Ijumaa mahali pake. Tazama alikokupeleka tangu Ijumaa ile. Amekupeleka mbali na mama yako.

Hapo Bwana wetu ana neno la moja kwa moja, na nadhani hujawahi kulisikia likihubiriwa katika huduma hiyo. Liko Marko 7, kuanzia mstari wa 9. Kulikuwa na watu waliokuwa na desturi ya kusema mali fulani ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, na baada ya hapo hawakuruhusiwa tena kumtendea lolote baba au mama. Ilikuwa sadaka, ilikuwa na jina takatifu, na Yesu akasema wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Ukiiweka hela ya dawa za mama yako ndani ya bahasha ya malimbuko, hiyo ndiyo Korbani. Si lazima nikueleze zaidi.

Sasa hilo la mpakwa mafuta. Nililiogopa neno hilo kuliko kifo. Wanalitoa Zaburi 105:15, "Msiwaguse masihi wangu," yaani wapakwa mafuta wangu. Anza kusoma mstari wa 9 uone hao masihi ni akina nani. Ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo, watu wachache, wageni, wanaohamahama kutoka taifa hata taifa. Na wanaoonywa ni wafalme. Mstari ule ulimlinda mnyonge dhidi ya mwenye nguvu. Kati yako na huyo Baba, nani mfalme na nani mgeni? Yohana naye, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 2, akiwa anazungumzia hasa wadanganyifu, anawaandikia waumini wote, "Nanyi mmepakwa mafuta na Yeye aliye Mtakatifu." Wote. Wewe pia. Na kama kuuliza ni dhambi, basi nabii Nathani alimkosea mfalme Daudi alipomkemea, na Paulo alimkosea Petro pale Antiokia alipompinga uso kwa uso.

Mimi niliuliza swali moja tu. Tulikuwa tumechangia paa la nyumba ya mjane mmoja wa kwetu kanisani, miezi ikapita, paa halikuonekana. Nikauliza kwa adabu, pembeni, fedha imefikia wapi. Mtumishi alitabasamu. Jumapili iliyofuata alihubiri Hesabu 16, Kora na wenzake waliompinga Musa wakamezwa na ardhi, akinitazama mimi, benchi la tatu kutoka mbele. Nilishika benchi kwa mikono miwili. Nakuapia, nilikuwa nikiisubiri sakafu ipasuke. Haikupasuka. Wimbo wa kufunga ukaimbwa, nikatoka na viatu vyangu vyote viwili, na njiani ndipo nilipogundua kwamba swali langu bado halijajibiwa.

Kuhusu ajali ya yule dada, Mithali 26:2 inasema laana isiyo na sababu haimpigi mtu, inapita kama shomoro arukaye huku na huko. Wanaotoka hupata ajali, na wanaobaki pia hupata ajali. Za wanaobaki huitwa majaribu.

Kuna habari moja ningependa uisome mwenyewe usiku huu, 1 Wafalme 13. Mtu wa Mungu kutoka Yuda ametumwa Betheli na agizo lililo wazi: asile mkate huko, asinywe maji, asirudi kwa njia aliyoijia. Amelitii mbele ya mfalme. Njiani anakutwa chini ya mwaloni na nabii mzee anayemwambia, mimi nami ni nabii kama wewe, na malaika amesema nami nikurudishe ule nyumbani kwangu. Maandiko yanaongeza kwamba alimwambia uongo. Mtu wa Mungu akarudi, akala, na simba akamuua njiani. Kila nikiisoma inaniuma, maana mtu yule hakuwa mwasi. Kosa lake lilikuwa kuliacha neno aliloambiwa yeye kwa sababu ya neno aliloambiwa mwingine, eti ana mvi na cheo na malaika. Wewe nawe una neno lililo wazi: waheshimu baba yako na mama yako. Hakuna malaika anayelifuta.

La kufanya. Mpigie mama yako kabla ya kumpigia mtu mwingine yeyote, na umwambie yote. Ukiamua kutoka, usiende kuaga ofisini kwake peke yako. Nilikwenda, nikatoka baada ya muda wa saa tatu nikiwa nimeomba msamaha kwa kuuliza. Ujumbe wa simu unatosha. Vitisho wanavyokutumia usivifute, na kama kuna mtu aliyekugusa isivyopasa au kukusainisha mali yako, hilo ni la polisi na mwanasheria. Usikubali kuambiwa yaishie madhabahuni.

Halafu kuna kitu ambacho hukuuliza. Ukitoka, huenda ukashindwa kuomba. Mimi nilishindwa miezi minane. Kila nilipofumba macho nilisikia maombi yangu kwa sauti yake, hata ule mkwaruzo wake wa koo. Nilichoweza ni kusoma Injili ya Marko, sura moja kwa siku, sura kumi na sita, bila daftari wala kutafuta ufunuo, kisha naanza tena. Mwanzoni nilikuwa nikisoma ili nimwone Yesu anasema nini kuhusu watu kama yule. Mara ya tatu au ya nne nikajikuta nimesahau yule, namtazama Yesu tu anavyolala kwenye mashua. Baadaye nilipata kanisa dogo ambalo mchungaji wake alipoulizwa swali alisema, "Sijui, nitasoma nikujibu." Nilikaa benchi la mwisho karibu mwaka mzima na hakuna aliyenisogeza mbele. Tafuta mahali pa namna hiyo. Usiharakishe kujiunga na kwaya.

SWALI: Mimi ni mzee wa kanisa. Muumini mmoja tajiri amelipia karibu nusu ya jengo letu. Sasa anafundisha vijana nyumbani kwake kwamba Agano la Kale ni la mungu mwingine, mkali, asiye Baba wa Yesu. Wenzangu wanasema tunyamaze hadi jengo liishe.

JIBU: Mzee wangu, mafundisho hayo ni ya zamani kuliko jengo lenu. Karne ya pili alikuwapo Marcion, tajiri mwenye meli kutoka Ponto, kando ya Bahari Nyeusi, aliyefika Roma akalipa kanisa zawadi ya sestersi 200,000, sarafu za Kirumi. Alifundisha hayo hayo: Mungu wa Agano la Kale ni mwingine. Akatupilia mbali Agano la Kale lote, akabakiza Injili moja, ya Luka, tena aliyoipunguza, na nyaraka kumi za Paulo. Yapata mwaka 144 kanisa la Roma lilimtenga, na Tertulliano, mwandishi Mkristo wa kale, anasimulia kwamba fedha yake ilirudishwa. Nawaza kikao kile cha wazee, bila shaka alikuwapo mtu aliyesema ngojeni kwanza. Anzeni kwa kuzungumza naye, wawili au watatu, na Biblia mkononi. Huenda ni mtu aliyesumbuliwa na vita vya kitabu cha Yoshua, katika Agano la Kale, akakosa wa kumsaidia. Asiposikia, wafundisheni vijana wenu waziwazi. Na jengo likisimama bila paa kwa muda, mvua haijawahi kuua kanisa.

SWALI: Mama, je, kila mtumishi anayeomba sadaka ni wa uongo?

JIBU: La. Paulo anasema waihubirio Injili wapate riziki kwa hiyo Injili, 1 Wakorintho 9. Kipo kitabu kidogo cha Wakristo wa kale kiitwacho Didake, ambacho nakala yake iligunduliwa Konstantinopoli mwaka 1873, na kina kanuni niipendayo kwa ukali wake: mtu akisema kwa roho, "Nipeni fedha," msimsikilize, lakini akisema mtoe kwa ajili ya wengine wenye uhitaji, asihukumiwe. Mimi huongeza la nabii Elisha, 2 Wafalme 5. Alikataa zawadi za Naamani, jemadari aliyeponywa ukoma, na Gehazi mtumishi wake akamkimbilia Naamani barabarani kuzichukua, akisingizia kwamba ni za manabii vijana wawili wahitaji. Kumbe hata kisingizio cha wahitaji ni cha zamani! Aliporudi, Elisha alimwuliza, "Watoka wapi, Gehazi?" Muulizeni mweka hazina wenu hivyo hivyo, kwa upole, na mwombe aje na vitabu vyake.