Maswali na Majibu: Fizi Zinapoachia Meno

Fizi zangu zimeshuka, mizizi inaonekana. Nitumie dawa gani ziote tena? (Msomaji, Tanga)

Hakuna. Iwe ya mitishamba au ya dukani, anayekuuzia dawa ya kuotesha ufizi anakuibia. Daktari wa fizi anaweza kuchukua kipande cha nyama kwenye kaakaa na kukishonea juu ya mzizi, lakini hilo hufaulu pale ambapo mfupa kati ya meno bado upo na uvimbe umekwisha. Kwa wengi kazi ni moja: kuzuia zisishuke zaidi.

Nikipiga mswaki upande wa kushoto damu inatoka, kwa hiyo nauacha upumzike. (Mwanza)

Swali hili linakuja kila mara, na kila mara jibu ni lile lile: usiuache! Damu inatoka kwa sababu kuna utando wa bakteria umekaa pale ufizi unapokutana na jino. Ukiuacha unaganda na kuwa ugaga, na ugaga hautoki kwa mswaki hata ukisugua mpaka usiku wa manane.

Shika mswaki laini kwa ncha za vidole, si kwa ngumi. Ulaze nyuzi 45 kuelekea ufizi, utikise taratibu kwenye meno mawili matatu, kisha ufagie kutoka ufizini kwenda ncha ya jino. Dakika mbili, asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floridi kati ya 1,000 na 1,500 ppm (sehemu kwa kila milioni). Katikati ya meno pitisha uzi. Damu kwa kawaida hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Isipopungua, nenda ukakwanguliwe ugaga. Wanaosugua kwa nguvu kwenda na kurudi kama wanaosugua sufuria hujichimbia mifereji kwenye shingo za meno, na mswaki mgumu huharakisha hilo.

Nimesafishwa meno hospitali, sasa yana mianya na yanatia ganzi. Wameniharibia? (Mombasa)

Hapana. Mianya ilikuwepo, imejazwa ugaga. Uvimbe umeshuka, sasa unaona ufizi ulipofikia kweli. Kwa ganzi tumia dawa ya meno yenye potasiamu nitrati, kila siku kwa wiki mbili hadi nne; ukiitumia siku tatu ukaacha, usiseme haifanyi kazi.

Mkaa na chumvi je? (Dodoma)

Acha. Vinakwangua jino.

Nameza metronidazole fizi zikivimba, zinapona, halafu zinarudi. (Kigoma)

Zitarudi daima, kwa kuwa ugaga uko pale pale. Unazoesha bakteria dawa bure. Na kama uvimbe unarudi rudi au meno yanacheza, pima sukari: kisukari kisichodhibitiwa hula mfupa unaoshika meno, na wagonjwa wengi hawajui kama wanacho.

Naweka ugoro mdomoni sehemu moja. Ufizi hapo umeshuka na pana weupe. (Zanzibar)

Ufizi ndio tatizo dogo hapo. Acha ugoro leo, usiuhamishie shavu la pili. Weupe ukiwa bado upo baada ya wiki mbili, daktari akate kipande kidogo kipimwe saratani. Pakiwa pagumu, pekundu au pana kidonda, usingoje hizo wiki mbili.