Milioni mbili za uhamasishaji wa nishati safi: kabla hamjachapisha fulana

Mleta mada, nimeusoma uzi wako mara mbili. Kikundi chenu cha vijana 18 kimepata milioni mbili za kuhamasisha nishati safi ya kupikia. Nusu yenu wanataka matembezi ya Juni 5 yenye fulana na mabango, nusu wanataka kugawa mitungi ya gesi, na unauliza lipi lina tija. Nakujibu kama mtu ambaye kikundi chake kilifanya yote mawili, na yote mawili yakatushinda.

Sisi tuko Morogoro mjini. Tulianza 2019, mwaka ule mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku. Tulikuwa watu wa kuzibua mitaro na kupanda miti. Ile miti, niseme tu ukweli, mbuzi wa mtaani waliihudumia kuliko wanachama. Habari ya katiba, muhtasari wa kikao na barua ya mtendaji sitaigusa, maana kama mmeshapewa hela basi huko mmeshapita.

Tukaingia kwenye nishati kwa sababu ya tunayoyaona kila siku. Hapa kwetu alfajiri pikipiki zinaingia mjini na magunia ya mkaa ya lumbesa, ukiwa nyuma dereva humuoni. Kina mama wanashuka Uluguru na mizigo ya kuni kichwani, na milima hiyohiyo ndiyo tunayoitegemea kwa maji. Serikali yenyewe inasema moshi wa jikoni unachangia vifo vya Watanzania takribani 33,000 kwa mwaka. Tukaona tunayo sababu, na tukapata mfadhili mdogo.

Matembezi yalifana. Tarumbeta, fulana za kijani, mgeni rasmi kachelewa saa mbili kama ilivyo ada. Saa ya chakula ikafika, watu wakaelekea nyuma ya turubai, na huko wali na maharage vilikuwa vinachemka juu ya majiko matatu ya mkaa. Hakuna aliyewaza. Mzee mmoja akasimama pale kwenye masufuria, akasoma bango letu polepole, akauliza kwa sauti: "Na huu je, wajukuu zangu?" Picha zetu zote za siku ile zina moshi kwa nyuma.

Mwaka uliofuata tukagawa mitungi 20 ya kilo sita, na jiko lake juu. Baada ya miezi mitatu tukapita nyumba kwa nyumba. Saba tu walikuwa wamejaza tena. Mingine ilikuwa uvunguni, mmoja umewekewa redio. Wenzangu wakaanza ile lugha ya "jamii haina uelewa". Uelewa upo, wakuu. Kujaza mtungi kunataka elfu ishirini na kitu kwa mkupuo, na mkaa unauzwa kwa kopo. Mtu anayepata hela kwa siku ananunua kwa siku. Ukimpa mtungi bila kufikiria huo mkupuo umempa stuli.

Kilichotubadilisha ni mama ntilie mmoja jirani na stendi. Tulikwenda kumhubiria, tukaamkia vizuri, tukaanza habari za misitu na kupikia umeme. Akatusikiliza huku anapepea jiko, kisha akasema: "Wanangu, mimi maharage tu yananila mkaa wa elfu mbili kila siku. Nyie mnaniambia misitu. Niambieni huo umeme utanila shilingi ngapi." Hatukuwa na jibu. Tulikuwa na vipeperushi.

Kesho yake tukarudi na presha kuka ya umeme ya lita sita, yaani sufuria inayopika kwa mvuke uliobanwa ndani, tuliyoazima kwa dada wa mwanachama. Maharage kilo moja, yamelowekwa usiku. Tukaandika namba iliyopo kwenye mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, tukazima kila kitu kingine, tukafunga mfuniko. Wateja wake wakawa wanachungulia, mmoja anasema kitalipuka. Kilipokata, tukasoma mita tena: nusu uniti. Yeye hupika kilo mbili, kwa hiyo awamu mbili, uniti moja, na uniti kwa bei ya kawaida pamoja na kodi na tozo ni shilingi 356. Akaomba turudie, safari hii asome mwenyewe. Akasoma. Hakuna semina niliyowahi kuhudhuria iliyomalizika vile: akauliza sufuria inauzwa bei gani na kama kikoba chetu kinakopesha.

Ilikuwa laki moja na nusu na ushee. Alilipa elfu tano kila Ijumaa na hakukosa wiki hata moja. Chapati na samaki mpaka leo anakaangia mkaa, na tumemwacha. Usimdai mtu aache vyote siku moja.

Kuanzia hapo uhamasishaji wetu ukawa ni sufuria na mita. Tunakwenda vibarazani, tunapika, watu wanasoma namba wenyewe, wanakula.

Sasa mitego, maana huko ndiko mtakakoumia. Kwanza ni uniti 75. Mteja wa matumizi madogo analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, ila akizidisha 75 kwa mwezi, za ziada ni 350. Kwa hiyo bibi anayewasha taa mbili na redio ana haki ya kuogopa jiko la umeme. Msimcheke. Kaeni naye, mpige hesabu ya matumizi yake ya mwezi, muongeze presha kuka, muone kama anabaki chini ya mstari. Akipika maharage na makande kwa presha kuka mara nne kwa wiki, kwa kawaida anabaki. Akiweka koili ya kuchemshia maji ya kuoga watu sita, habaki. Tuliowahi kuwapa ushauri bila hesabu hii walitulaani, na walikuwa sahihi.

Pili, nyumba za kupanga. Wapangaji saba, LUKU moja, kila mmoja anachanga sawa. Siku mpangaji akileta presha kuka, uani panawaka moto. Binti mmoja wa kikundi chetu aliambiwa na mwenye nyumba wake achague, chombo au chumba. Tukamshauri asome mita kabla na baada ya kupika, na kila namba aiandike ukutani jikoni mbele ya wenzake. Aliandika kwa kipande cha mkaa. Mwisho wa mwezi walijumlisha ukuta pamoja, ikaonekana pasi ya jamaa wa chumba cha mbele ndiyo iliyokuwa inakula umeme.

Tatu, shule. Kuna katazo la serikali la kuni na mkaa kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100, na mtashawishika kwenda kulisoma mbele ya kamati ya shule. Sisi tulilisoma. Hakuna aliyebisha, na hakuna kilichofanyika, kwa sababu wazazi walikuwa wanachanga kuni na gesi haichangwi kwa kichwa. Mazungumzo yalianza tulipokaa na wapishi. Walikuwa wameshaletewa jiko la gesi na mtu mwingine huko nyuma, likaachwa kwa sababu moja ndogo: ukisonga ugali wa watoto 400 unausukuma mwiko kwa mwili mzima, na lile jiko lilikuwa linahama sakafuni. Fundi akalichomea miguu na kuizika kwenye zege. Likaanza kutumika wiki ileile, walau kwa uji na ugali.

Nne, msimfanye mchoma mkaa adui. Kilosa, hapahapa mkoani kwetu, kuna vijiji vilivyoingia kwenye mkaa endelevu tangu mradi ulipoanza 2012: msitu wa kijiji umegawanywa vipande vya mita 50 kwa 50, unavunwa kwa mzunguko wa miaka 24, visiki vinaachwa vichipue, na ushuru unabaki kijijini. Mimi nataka mkaa upungue mjini, lakini yule baba wa kijijini ana watoto shuleni. Ukipanda jukwaani ukamwita mharibifu, shemeji yake amekaa mstari wa mbele.

Halafu wale wanaosema umeme wenyewe wa shida: Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115, na sehemu kubwa ya maji yake inatoka Kilombero, mkoani kwetu pia. Kwetu hapa msitu na soketi ni habari moja. Kukatika kunakatika, ndiyo, na siku hiyo mama ntilie anarudi kwenye jiko lake.

Kwa hiyo milioni mbili: nunueni presha kuka mbili za maonyesho, maharage gunia moja, na kinachobaki wekeni kwenye kikoba kama mtaji wa kukopesha vyombo. Fulana mkitaka, chapisheni moja, avae anayesoma mita.