Mwenye homa aonwe mwanzo
Dada yangu wa Chake Chake, umeuliza nani aonwe mwanzo zamu ya usiku kati ya anayetapika, mwenye maumivu na mwenye homa ya nyuzi 38.3 siku ya 10 baada ya kutiwa dawa za saratani. Mwendee wa homa, hata akikuitikia "sijambo" huku amejifunika kanga mbili kwa baridi, kwani huenda chembe zake nyeupe za damu, zile zinazopigana na vijidudu, zimeshuka mno. Daktari aitwe, na antibayotiki iingie mshipani ndani ya dakika 60. Mhudumu wa wodi anaweza kupima joto, kamwe si kwa njia ya haja kubwa, lakini tathmini usimwachie. Wa maumivu naye asisubiri alfajiri.