Nani kamleta huyu? Kwa vijana wa fildi mnaoanza kugombana na matoleo ya laibrari

Kila mwaka vyuo vikifunga, ofisini kwetu hapa Arusha huingia vijana wawili watatu wa fildi. Wanakuja na laptopu, daftari jipya, na imani kwamba kazi ngumu ni kuandika msimbo, yaani code. Wiki ya kwanza hawaandiki hata mstari mmoja. Wanashinda wakihangaika kuwasha mradi ambao kwa wenzao unawaka bila shida. Kwao unatema maandishi mekundu mpaka skrini inajaa. Ukisimama nyuma yao unawaona wanafanya kilekile nilichokifanya mimi: wananakili mstari wa mwisho, wanautafuta mtandaoni, wanabandika amri ya kwanza wanayoikuta. Ikigoma, wanabandika ya pili. Ikifika saa kumi jioni mashine imeharibika kuliko asubuhi, na hakuna anayekumbuka nini kimebadilishwa.

Maneno kwanza, tusipotezane. Laibrari ni msimbo ulioandikwa na mtu mwingine, wewe unautumia. Wapo wanaosema maktaba, na hawajakosea, ila mimi nimezoea kusikia laibrari na nitabaki nayo. Laibrari ambayo mradi wako hauwezi kusimama bila hiyo tunaiita kitegemezi. Shida ni kwamba vitegemezi navyo vina vitegemezi vyao. Ni kama umealika wageni watano kwenye kipaimara cha mwanao, kila mmoja akaja na shemeji, shemeji akaja na watoto wa jirani. Ukihesabu waliomo ukumbini unapata mia nne. Vurugu ikianza karibu na masufuria ya pilau, wanaogombana kwa kawaida ni watu ambao wewe hukuwaalika kabisa.

Nami nilijifunza hilo kwa aibu. Oktoba 2023 nilikuwa nalea mfumo mdogo wa kampuni moja ya utalii, wa kuandalia bei za safari: mteja anataka siku ngapi Serengeti, analala kambi au hoteli, gari moja au mawili, mfumo unatoa karatasi ya bei. Uliandikwa kwa lugha ya Python na Flask, laibrari ya kutengenezea mifumo ya wavuti, na ulikuwa umetulia miezi mingi. Ijumaa moja tukauhamishia kwenye seva mpya. Msimbo sikuugusa hata herufi. Nikasakinisha vitegemezi kutoka kwenye requirements.txt, faili lenye orodha yake, nikawasha, ukagoma:

ImportError: cannot import name 'url_quote' from 'werkzeug.urls'

Kwenye laptopu yangu, mradi uleule, unawaka vizuri tu. Mteja anapiga simu kila baada ya dakika kumi, ana wageni wa Jumatatu na bei hazijatoka.

Nilichokifanya kwa saa tatu zilizofuata nawasimulia mcheke. Nilibadilisha toleo la Python, mara mbili. Nikafuta mazingira yote, yaani folda yenye laibrari za mradi, nikaanza upya, nikapata kosa lilelile. Halafu nikasema labda Flask imezeeka, nikaipandisha mpaka 3.0. Kosa likabadilika, nami nikafurahi kama mjinga, kumbe sasa anayelalamika ni Flask-Login, kitegemezi kingine, anatafuta kitu kinaitwa url_decode ambacho nacho hakipo. Nilikuwa nimetoka kwenye shimo moja nikaingia la pili, na sikumbuki tena njia ya kurudi.

Kaka mmoja mkubwa wa ofisi, ambaye alikuwa ameshafunga begi lake, akaja akasimama pembeni. Hakuuliza kosa linasema nini. Akauliza: "Dogo, waliomo kwenye laptopu yako na waliomo kwenye seva ni walewale?" Nikamwambia ndiyo, requirements.txt ni moja. Akasema usiniambie, nionyeshe. Tukarudisha kila kitu kwenye seva kama kilivyokuwa mwanzo. Tukaandika pip freeze (pip ndiyo kisakinishi cha laibrari za Python, freeze inaorodhesha zilizomo na matoleo yake) huku na kule, tukaziweka orodha mbili ubavu kwa ubavu. Flask 2.2.2 huku, Flask 2.2.2 kule. Werkzeug 2.2.2 huku. Kule, Werkzeug 3.0.0.

"Huyu nani kamleta?" akauliza. Si mimi. Kwenye faili langu Werkzeug haikuandikwa popote. Mimi nilikuwa nimeandika Flask==2.2.2 nikajiona nimefunga mlango. Lakini Flask 2.2.2 yenyewe inasema inataka Werkzeug kuanzia 2.2.2 na kuendelea, bila kutaja mwisho wake. Tarehe 30 Septemba 2023 Werkzeug 3.0.0 ikatoka, na ndani yake url_quote ilikuwa imeondolewa. Laptopu yangu ilisakinishwa kabla ya siku hiyo, ikabaki na ile ya zamani. Seva ilisakinishwa baada ya siku hiyo, pip ikachukua mpya kuliko zote iliyoruhusiwa. Hakuna aliyekosea sana, na mfumo ulikuwa chini. Dawa ilikuwa kuongeza mstari mmoja, Werkzeug<3, alama kumi tu. Saa tatu kwa alama kumi.

Kwa hiyo nikikuta kijana amekwama, swali langu la kwanza ndilo hilo la yule kaka. Usipandishe, usishushe, usifute, mpaka uweze kuniambia kwa sentensi moja: fulani anataka toleo hili, fulani anataka lile, na aliyemleta kila mmoja ni huyu. Nendeni gereji yoyote ya mtaa wa Unga Limited hapa mjini mkanunue spea ya Land Cruiser. Fundi mwenye akili hatoi kitu kabatini kabla hajauliza injini ni ipi. Sisi tunaoitwa wataalamu wa kompyuta ndio tunaojaribisha spea saba kwenye gari linalonguruma.

Kila lugha ina njia yake ya kuuliza. Kwenye Python andika pip show werkzeug, utaona mstari wa Required-by, ndio wanaomtegemea. Kwenye Node, ya JavaScript, ni npm ls ukifuatisha jina la pakeji (laibrari iliyofungashwa), au npm explain ukitaka mnyororo mzima. Composer, kisakinishi cha PHP, ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa hili. Ina composer why, na ina composer why-not, ambayo unaiuliza kwa nini siwezi kupata toleo fulani, nayo inakutajia mwenye kukuzuia. Java mtatumia mvn dependency:tree, amri ya Maven. Hapo kwenye Java kuna kitu kinachowatesa watu: laibrari moja ikiitwa na wawili kwa matoleo tofauti, Maven haichagui lililo jipya, inachagua lililo karibu zaidi na mradi wako kwenye mti. Ndiyo maana unaweza kupata NoSuchMethodError wakati unaapa kwamba toleo jipya umelileta. Umelileta, lakini liko matawi matatu ndani, na la zamani liko mlangoni.

Sasa kufuli. Kama kuna jambo moja ningewakalisha chini wote niwaeleze kwa kalamu na karatasi, ni hili. Mradi una mafaili mawili yanayofanana kwa sura: package.json na package-lock.json, au composer.json na composer.lock, au pubspec.yaml na pubspec.lock. Wengi wanadhani la pili ni takataka linalojitengeneza lenyewe, wanalifuta likileta ugomvi kwenye Git, ghala linalotunza kila badiliko la msimbo. La kwanza ni proforma: naomba laibrari hii, kuanzia toleo hili, bei ikipanda kidogo sawa. La pili ni risiti: nilichopewa hasa, toleo kamili, pamoja na vyote vilivyokuja nacho. Ukitupa risiti, siku ya kudai huna cha kuonyesha. Kwa mradi unaopelekwa kwa mteja, faili hilo la pili, la kufuli, linaingia kwenye Git, na kwenye seva tunasakinisha kwa kulifuata: npm ci wala si npm install, composer install wala si composer update. Uzuri wa npm ci ni kwamba kufuli na package.json zikipishana, inakataa kabisa badala ya kukurekebishia kimyakimya. Nimewahi kumuona kijana ameandika composer update kwenye seva ya mteja saa tano asubuhi, siku ya kazi. Sikumgombeza. Nilimwachia simu ya mteja aipokee yeye.

Namba zenyewe za matoleo, kama 2.2.2, zisomeni vizuri. Ya kwanza ikibadilika mwandishi anakuonya kwamba kuna vitu amevunja. Ya katikati ameongeza. Ya mwisho amerekebisha. Hii ni ahadi ya binadamu, si sheria ya maumbile, wapo wanaovunja vitu kwenye namba ya mwisho na wanalala usingizi. Na 1.10 ni mpya kuliko 1.9, si desimali hiyo. Laibrari ambayo toleo lake linaanza na sifuri bado haijaahidi kitu: kwenye npm alama ya ^ mbele ya 0.2.3 haikuvushi kufika 0.3.0, wakati mbele ya 1.2.3 inakuruhusu mpaka mlangoni mwa 2.0.0.

Wa Flutter, mnaotengeneza programu za simu, najua mtafika na "version solving failed". Ujumbe ule ni mrefu lakini ni wa uungwana, umeandikwa kama mtu anayetoa hoja: kwa kuwa huyu anamtaka yule, na mradi wako unamtaka mwingine, haiwezekani. Someni kuanzia chini kwenda juu, kwa sababu chini ndipo jina la mradi wako lilipo. Mara nyingi utamkuta intl, laibrari ya tafsiri na tarehe. Kisa chake ni kwamba flutter_localizations huja pamoja na Flutter yenyewe na imemfunga intl kwenye toleo moja tu. Wewe ukiandika lako, mnagongana. Kwenye pubspec.yaml andika intl: any, uiache Flutter iamue. Msikimbilie dependency_overrides, ya kulazimisha toleo, hiyo ni kumfunga mtu mdomo, ugomvi wenyewe uko palepale.

Familia hiyohiyo ya kufunga midomo ina ndugu wengi. npm tangu toleo la 7 inakagua kama pakeji zinazotakiwa kwenda pamoja zinakubaliana, na zisipokubaliana inakupa ERESOLVE. Mtandaoni watakwambia weka --legacy-peer-deps au --force, ipite bila kujali. Sikatai, nami nimeitumia usiku wa kuamkia kukabidhi kazi. Lakini niliandika kwenye kitabu cha mradi kwamba nimeitumia na kwa sababu ya nani. Na ile ya Ubuntu mpya, unapotaka kusakinisha kwa pip inakujibu externally-managed-environment, halafu mtu anakushauri --break-system-packages. Jina la amri lenyewe linakutangazia kinachokwenda kuvunjika, bado mnaibandika! Tengenezeni mazingira ya mradi kwa python3 -m venv, ni sekunde chache, na kila mradi unakaa na watu wake chumbani kwake.

Kuna jambo la kwetu ambalo mafunzo ya mtandaoni hayalijui: bando. Kufuta node_modules, folda inayobeba pakeji zote za mradi wa Node, na kuanza upya ni ushauri rahisi kwa mtu asiyehesabu megabaiti. Hapa unaifuta saa nne, umeme unakatika saa nne na robo, na hotspoti ya simu inakula elfu tano yako kabla pakeji hazijafika nusu. Siku intaneti ya ofisi ikiwa nzuri, chukueni mapema. Kwenye Python, pip download -r requirements.txt -d pakeji inashusha vyote kwenye folda, halafu siku ya ukame unasakinisha kwa --no-index --find-links pakeji bila kugusa mtandao. Mshushe kwenye mashine yenye mfumo na Python sawa na mnakokwenda kusakinisha, la sivyo mtabeba vitu visivyoingia. npm nayo hutunza ilivyowahi kushusha, mwambieni --prefer-offline atazame ghalani kwanza.

Na punguzeni wageni. Machi 2016 pakeji moja ya npm iitwayo left-pad, mistari 11 tu, kazi yake kuongeza nafasi mbele ya maneno, iliondolewa na mwenyewe, na miradi mikubwa duniani ikagoma kujengwa. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aligundua kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili, yamepandikizwa mlango wa siri, na alichoanza kukishuku ni kuingia kwenye mashine kwa mbali kwa SSH kulikochelewa kama nusu sekunde. Nikimuona kijana anasakinisha pakeji ili ajue kama namba ni shufwa, huwa namuomba aniandikie kwa mkono.

Siku hizi Jumatatu ya kwanza siwapi vijana kazi ya kuandika. Nawapa ule mfumo wa bei za safari, ule wa 2023, na requirements.txt kama ilivyokuwa kabla ya kurekebishwa. Nawaambia wauwashe, kisha nashuka kunywa mtori kwa mama wa chini. Nikirudi siangalii kama umewaka. Naangalia terminali yao, nihesabu ni amri ngapi walizobandika kabla ya kuandika pip freeze. Mwaka jana binti mmoja alikuwa ameandika mbili tu, na pembeni ya laptopu kwenye daftari lake jipya alikuwa amechora mshale kutoka Flask kwenda Werkzeug, juu yake ameandika "huyu ndiye kamleta".