Optometria si kuuza miwani tu

Mdogo wangu, umeuliza kama ukisomea optometria, yaani upimaji wa macho, utakuwa daktari wa macho au muuza miwani, maana mjomba wako amekucheka. Mimi ni mwaka wa tisa sasa kwenye kazi hii. Kupasua jicho, hapana. Mtoto wa jicho ni wa daktari bingwa. Lakini mara nyingi wewe ndiye unayemwona mgonjwa kwanza, na ukizembea hapo, presha ya macho itamla taratibu bila maumivu, hadi siku ashtuke haoni pembeni.

Kazi yenyewe inafanyika kwenye chumba cha giza. Unamulika jicho kwa retinoskopu, unausogeza mwanga kushoto na kulia, huku unatazama mng'ao mwekundu ndani ya mboni unakwenda wapi. Mng'ao ukienda kinyume na mkono wako, mara nyingi huyo mgonjwa haoni mbali. Unaweka lenzi hasi, moja baada ya nyingine, mpaka mng'ao utulie. Ndivyo tunavyompima hata mtoto asiyejua herufi. Nimeshaletewa watoto wengi walioitwa wavivu, kumbe ubao hawauoni!

Fizikia ya mwanga usiidharau, itakubana. Kwa Tanzania ulizia chuo cha tiba cha KCMC, Moshi. Kenya kuna Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega. Ila kabla ya kujaza fomu, omba kukaa siku nzima kwenye kliniki ya macho. Ukichoka kusikia mgonjwa akiulizwa kuhusu lenzi, "hii au ile, ipi bora?" kabla ya saa sita, fikiria upya.